Pacha wa Dume

Babu yangu alikuwa na mtamba aliyeitwa Sikujua. Jina hilo alipewa baadaye, na lilikuwa la kujilaumu.

Alizaliwa pacha na dume, Manyoni, mwaka ambao mvua zilichelewa, nami nikiwa darasa la tano. Kwetu pacha wa ng'ombe ni habari, kwa hiyo majirani walikuja kutazama. Mzee mmoja aliyekuwa na kawaida ya kununua mifugo mnadani alimwambia babu palepale zizini: huyo dume mfuge, huyo jike mle mapema. Babu alicheka. Mtamba mwenyewe alikuwa na afya, mgongo mpana, ngozi inang'aa, akikua kuliko wenzake wote wa rika lake. Miaka mitatu ikapita hajapandwa. Wa nne ukapita. Fahali walikuwa wanampita kama wanavyopita mti. Ndipo bibi alipoanza kumwita Sikujua, babu akawa anajifanya hasikii.

Nilimkumbuka miaka kumi na mitatu baadaye nikiwa maktaba, nikijiandaa kwa semina ya historia ya sayansi. Mimi ni mwanafunzi wa historia, si wa baiolojia, na mada ile niliipata kwa sababu wenzangu walikuwa wameshachukua nzuri zote: namna wanasayansi walivyokuja kujua kinachomfanya kiumbe awe wa kike au wa kiume kabla hajazaliwa. Katika orodha ya kusoma kulikuwa na makala ya mwaka 1916 ya Frank Lillie wa Chuo Kikuu cha Chicago. Nilifungua ukurasa wa kwanza na kumkuta Sikujua ananitazama.

Jambo lile wafugaji wa Ulaya walilijua zamani sana. Mwaka 1779 daktari mpasuaji wa London, John Hunter, aliandika maelezo marefu juu ya ndama jike anayezaliwa pacha na dume: kwa nje anaonekana jike, hazai, na ukimpasua unakuta viungo vya ndani ambavyo si vya jike kamili wala vya dume kamili. Hunter alieleza alichokiona. Sababu hakuijua.

Lillie alikuwa na bahati ya kuishi Chicago, mji ambao wakati ule ulichinja ng'ombe kuliko karibu mji wowote duniani. Kutoka machinjioni alipata mapacha ambao hawajazaliwa, wakiwa bado ndani ya mfuko wa uzazi na makondo yao. Akaanza kuangalia mishipa. Aliona kwamba katika mapacha wengi wa ng'ombe makondo hugusana na mishipa ya damu huungana, hivi kwamba damu ya mmoja hupita kwa mwenzake. Pale palipokuwa na muungano huo, jike aliharibika. Katika wale wachache ambao mishipa yao haikuungana, jike alikuwa mzima. Kwa hiyo kuzaliwa pacha peke yake hakukuwa na kosa. Kilichofanya kazi ni kitu kilichotoka kwa kaka na kusafiri katika damu, wakati wote wawili wakiwa bado tumboni.

Ili kuelewa kwa nini jibu hilo lilishtua, inabidi kurudi nyuma miaka kumi na moja.

Mwaka 1905 mwanamke mmoja wa Marekani, Nettie Stevens, alikuwa ameinamia darubini akitazama chembe za mbawakawa mdogo ambaye viluwiluwi vyake hukaa kwenye unga. Stevens alizaliwa Vermont mwaka 1861, akafundisha shule, akafanya kazi ya maktaba, akaweka akiba, na akaingia Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na miaka 35. Shahada ya uzamivu aliipata Bryn Mawr mwaka 1903, akiwa ameshavuka miaka 40. (Ninaposikia mtu anasema mimi nimechelewa kusoma, huwa nawaza umri huo.) Katika chembe za mbawakawa jike alihesabu kromosomu 20 kubwa. Katika za dume alihesabu 19 kubwa na moja ndogo. Mayai yote yalibeba kumi kubwa. Mbegu za kiume zilikuwa za aina mbili, nusu zikiwa na kumi kubwa, nusu zikiwa na tisa kubwa na ile ndogo. Ile ndogo ndiyo tunayoiita Y leo. Mwaka uleule Edmund Wilson alifikia jambo linalokaribiana na hilo, na kwa miaka mingi vitabu vilimtaja yeye kwanza. Stevens alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1912, baada ya Bryn Mawr kumtengenezea nafasi ya utafiti ambayo hakuwahi kuikalia.

Nilisoma habari hii usiku, na nikaghadhibika kwa jambo ambalo halikuwa la Stevens. Mama yangu ana mabinti wanne. Mimi ni wa nne. Nilikua nikisikia upande wa baba wakisema, kwa sauti ya kutaka asikie, kwamba tumbo lake halijui kuleta mtu wa kurithi. Maneno hayo yalisemwa karibu miaka mia moja baada ya mbawakawa wa Stevens kuonyesha kwamba anayeamua, kama kuna anayeamua, ni mbegu ya baba.

Basi kufikia mwaka 1916 kromosomu zilionekana kumaliza maneno. Ukipata mbili za X wewe ni jike, ukipata X na Y wewe ni dume, na kesi imefungwa siku yai linaporutubishwa. Halafu Lillie anakuja na ng'ombe. Yule mtamba wa machinjio ya Chicago alirithi kromosomu za jike kama jike yeyote, na bado hakuwa kama jike yeyote. Kumbe kati ya kromosomu na mwili kuna safari, na njiani mtu anaweza kukutana na homoni.

Homoni ipi? Lillie hakuweza kuitaja, kwa kuwa testosteroni ilikuwa haijapatikana. Ilipatikana mwaka 1935 Amsterdam, ambako kundi la Ernst Laqueur liliitoa katika korodani za mafahali. Baada ya hapo maabara zilipata kitu cha kudunga, na zikadunga kila kitu.

Mtu aliyefanya jambo la busara zaidi ni Alfred Jost, na ndiye ninayemrudia mara nyingi. Alizaliwa Strasbourg mwaka 1916, mwaka uleule wa makala ya Lillie. Katika miaka ya vita na mara baada yake alikuwa Paris, akifanya kazi na sungura. Wenzake walikuwa wanaongeza homoni na kutazama kinachotokea. Jost aliamua kupunguza. Swali lake lilikuwa rahisi kulitamka: kijusi kisipokuwa na korodani wala ovari, kitageuka kuwa nini?

Kulijibu ilikuwa kazi nyingine. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Kuanzia siku ya 19 Jost alimfungua mama, akafungua ukuta wa mfuko wa uzazi, akafikia kijusi kisichozidi kidole gumba, akaondoa tezi zake za uzazi zilizo ndogo kuliko punje ya mchele, akafunga tena kila kitu, na kuomba kijusi kiendelee kuishi. Vingi vilikufa. Vilivyoishi alivisubiri hadi karibu na kuzaliwa, akavichunguza.

Kabla sijasema alichokiona, ni vyema tujue kitu kimoja. Kila kijusi cha mnyama anyonyeshaye, na cha binadamu pia, huanza na mifereji ya aina mbili. Mmoja, wa Wolff, unaweza kuwa njia ya mbegu za kiume. Mwingine, wa Müller, unaweza kuwa mirija ya mayai na mfuko wa uzazi. Katika wiki za mwanzo za mimba ya binadamu, wewe na mimi na kaka zetu wote tulikuwa na yote miwili. Kisha mmoja hukua na mwingine hupotea.

Vijusi vya Jost vilivyoondolewa tezi, viwe vya kike au vya kiume kwa kromosomu, vyote vilichukua njia moja: mifereji ya Müller ilikua, ile ya Wolff ikapotea, na nje vikaonekana majike. Kuondoa ovari hakukubadilisha njia hiyo. Kuondoa korodani kulibadilisha kila kitu. Halafu akafanya hatua ya pili, ambayo naipenda zaidi. Katika kijusi kisicho na tezi aliweka punje ya testosteroni. Mfereji wa Wolff ukabaki na kukua, kama alivyotarajia. Lakini ule wa Müller nao ukabaki. Testosteroni ilijenga upande mmoja bila kubomoa upande wa pili. Mwaka 1947 Jost alieleza kwamba korodani lazima itoe vitu viwili, na kimoja bado hakijulikani. Wapo walioona anabuni. Ilichukua hadi mwaka 1986 jeni ya kitu hicho cha pili kutambuliwa, kazi ambayo daktari Nathalie Josso, aliyekuwa mwanafunzi wa Jost, aliipigania kwa miaka mingi. Na ikaonekana kwamba hicho ndicho mtuhumiwa mkubwa wa habari ya Sikujua: homoni inayofuta mfereji wa Müller, ikipita kwa dada kupitia kondo, huharibu pia ovari zake. Testosteroni peke yake haikuweza kueleza kilichompata.

Hapa ndipo historia inapochukua kona nisiyoipenda. Matokeo ya Jost yalisema kwamba sungura hahitaji ovari ili mifereji yake ya kike ikue. Vitabu vikafupisha: mwanamume hujengwa, mwanamke hubaki. Jike likawa ndilo linalopatikana pale ambapo hakuna kilichofanyika. Sentensi ya namna hiyo nimeikuta katika vitabu vitatu tofauti, na mwalimu mmoja aliisema darasani kama mtu anayetupa sisi wasichana zawadi, kwamba ninyi ndio msingi wa ubinadamu. Sikuipokea. Kama jike ni kile kinachotokea chenyewe, nani atapoteza fedha za utafiti kuuliza kinatokeaje? Na kweli, kwa miongo kadhaa walioulizia korodani walikuwa wengi, walioulizia ovari wachache.

Walipouliza, majibu yalikuwepo. Mwaka 2009 watafiti wa Heidelberg na London walizima jeni moja, FOXL2, katika ovari za panya majike waliokwisha kukua. Chembe za ovari zile zikaanza kugeuka na kufanana na chembe za korodani. Maana yake ovari haibaki ovari kwa uvivu. Kuna jeni inayoishikilia kila siku, hadi utu uzima. Mwaka 2017 kundi la Humphrey Yao, North Carolina, likaangalia ule mfereji wa Wolff ambao tangu Jost tuliambiwa hufa kwa jike kwa kukosa testosteroni tu. Wakaondoa jeni nyingine, COUP-TFII. Vijusi vya panya majike vikazaliwa na mifereji ya aina zote mbili, bila testosteroni. Kwa hiyo mwili wa jike hufanya kazi kuuondoa mfereji ule. Kati ya sungura wa Jost na panya hao kuna miaka 70.

Jost hakukosea. Alichokiona alikiona sawasawa, na mpaka leo hakuna aliyekikanusha. Waliokosea ni waliosoma ukimya wa jaribio kama ukimya wa mwili.

Kuhusu ubongo nitasema machache, kwa sababu hapo watu husema mengi kuliko wanayojua. Mwaka 1959 watafiti wanne wa Kansas, Charles Phoenix na wenzake, waliwapa testosteroni simbilisi wenye mimba. Majike waliozaliwa, walipokua, walikuwa na tabia za kupanda kama madume na hawakupokea madume kama kawaida. Tangu hapo ikakubalika kwamba homoni za tumboni huacha alama katika tabia za wanyama. Kwa binadamu hakuna anayeruhusiwa kufanya jaribio hilo, ila maumbile yenyewe hulifanya: wapo wasichana ambao tezi zilizo juu ya figo zao huzalisha homoni za kiume kwa wingi tangu wakiwa tumboni. Utafiti mwingi umeona kwamba wakiwa wadogo huvutiwa zaidi na michezo na vitu vya kuchezea ambavyo kwa kawaida huchaguliwa na wavulana. Umeona pia kwamba walio wengi hukua wakijijua kuwa ni wasichana, bila utata. Anayetaka kudai homoni ni kila kitu atanukuu nusu ya kwanza. Anayetaka kudai si kitu atanukuu ya pili.

Swali la Stevens, la kitu gani katika Y kinachofanya kazi, lilijibiwa London mwaka 1990. Andrew Sinclair, akifanya kazi na kundi la Peter Goodfellow na Robin Lovell-Badge, alipata jeni iitwayo SRY. Mwaka uliofuata jeni hiyo iliwekwa katika panya aliyekuwa na X mbili, naye akazaliwa dume. Magazeti yalifurahi. Hatimaye swichi imepatikana.

Na watu wanaosimamia riadha walikuwa wanaitafuta swichi kwa muda mrefu. Kila kizazi cha maabara kiliwapa kipimo kipya. Kwenye Olimpiki ya 1968 Mexico wanawake walichunguzwa chembe ili kuona kama wana X mbili. Mwaka 1985, kwenye mashindano ya wanafunzi Kobe, mkimbiaji wa kuruka viunzi kutoka Hispania, María José Martínez-Patiño, aliambiwa kwamba ana XY. Mwili wake huzalisha testosteroni lakini hauwezi kuisikia, kwa hiyo safari yake yote tumboni ilikwenda upande wa kike. Alipoteza nafasi, rafiki, na medali zake kabla ya kurudishwa mwaka 1988. Mwaka 1999 Kamati ya Olimpiki iliachana na upimaji wa wanawake wote.

Kisha ikaja Rio. Alfajiri ya Jumapili tarehe 21 Agosti 2016, kwa saa za kwetu, mbio za mita 800 za wanawake ziliisha hivi: Caster Semenya wa Afrika Kusini, dakika 1:55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi, 1:56.49, Margaret Wambui wa Kenya, 1:56.89. Mimi nilikuwa sekondari. Bwenini tulishangilia kwamba Afrika imefagia medali zote, na mtu wetu wa Burundi yumo. Hatukujua kwamba sehemu nyingine watu walikuwa wanajadili miili yao. Kufikia 2019 kanuni mpya ilitumika: wanawake wenye maumbile fulani na testosteroni ya juu hawataruhusiwa kukimbia kuanzia mita 400 hadi maili moja bila kuishusha kwa dawa. Wote watatu waliachana na mita 800 katika mashindano ya kimataifa. Niyonsaba alisema hadharani kwamba testosteroni yake ya juu ni ya asili, akahamia mbio ndefu ambazo hakuwahi kuzifanyia mazoezi, na Septemba 2021 Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000, dakika 5:21.56. Mwaka 2023 kanuni ikapanuliwa hadi mbio zote. Kisha Septemba 2025 riadha ya dunia ikaanza kumtaka kila mwanamke apime mara moja katika maisha yake kama ana jeni ya SRY.

Sijui kuandika kanuni ya riadha, na sidhani wanawake wanaolalamika kuhusu haki ya kushindana wote ni wachokozi. Ushindani wa wanawake ulitengwa kwa sababu ya kweli: testosteroni ya kubalehe hujenga misuli na mifupa. Lakini ninajua kusoma historia, na katika historia hii yule aliyeigundua SRY, Sinclair mwenyewe, aliandika mwaka 2025 kupinga kipimo hicho. Hoja yake ni kwamba kipimo kinaonyesha jeni ipo au haipo tu. Hakionyeshi kama inafanya kazi, kama korodani iliundwa, kama testosteroni ilitoka, wala kama mwili uliisikia. Ni kama kuangalia tiketi ya basi ya mtu na kusema amefika Dodoma.

Nilipomaliza semina nilimpigia babu simu. Nilimweleza habari ya damu kupita katika makondo, na ile homoni ya pili, na yule Mfaransa na sungura wake. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza darasani.

“Na yule dume? Kama damu ilikuwa inapita, yeye hakupata kitu?”

Alipata. Mwaka 1945 Ray Owen, wa Wisconsin, alipima damu za mapacha wa ng'ombe na kukuta kwamba kila mmoja amebeba chembe za damu za mwenzake, na anaendelea kuzitengeneza akiwa mkubwa. Jambo hilo lilifungua njia ya kuelewa kwa nini mwili hukubali au hukataa kiungo cha mtu mwingine. Nilimwambia babu kwamba yule kaka yake Sikujua, aliyehasiwa na kuvuta plau la babu kwa misimu sita, alitembea siku zake zote na damu ya dada yake.

Kukawa kimya upande wa pili. Nilisikia redio ya bibi.

“Sikujua,” babu akasema.